Kimia cha Fisi Kilichojikunja

Haya, sogeeni. Mwenye kufuma afume, mikono isilale. Ila masikio nayataka huku.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Uzi?"

"Upo!"

"Sindano?"

"Mkononi!"

"Na midomo?"

"Imefumbwa!"

Waongo nyie. Raya, wako naona unatafuna. Meza kwanza, tuanze.

Hapo kale alikuwapo panya mmoja, jina lake Bi Msimu. Mdogo, mwembamba, kirefu chake masharubu tu. Lakini mikono yake, jamani! Akishika uzi mweupe na sindano ya kufumia, ile yenye ncha iliyopinda, hutoa kimia utadhani povu la sabuni limeanikwa juani. Wanyama walimpelekea watoto wao awafunze lesi ya mkono, na kila aliyefika alifundishwa wimbo kabla ya kupewa uzi:

*Chomeka, zungusha, vuta,*
*tundu usiliruke;*
*ukiruka, fumua,*
*urudi ulishike.*

Kuchomeka walikupenda. Kuvuta walikupenda. Kufumua, hapo ndipo nyuso zinapokunjwa. Na aliyekuwa hatari kuliko wote ni mwanawe mwenyewe, Tukae. Yule mtoto alikuwa na haraka, sijui anafukuzwa na nani. Siku hiyo alikuwa anafuma kitambaa cha duara. Karuka tundu hapa, karuka tundu pale, kufika ukingoni kitambaa hakilali. Kimejikunja, ukingo umeinuka, kimekuwa bakuli.

"Mama, nimemaliza."

"Umemaliza nini? Kitambaa hiki, au kofia ya chura?"

"Nikikikalia kitalala."

"Hakilali ng'o! Kila mzunguko matundu huongezwa, ndipo duara litanuke. Wewe umepunguza, ukingo umekosa nafasi, unajivuta ndani. Fumua."

"Chote?"

"Mpaka pale ulipoanza kuruka."

Tukae akakitupa kitambaa, akatoka nje analia, kamasi na machozi pamoja. Bi Msimu akamwacha. Alijua hasira zikimwisha atarudi mwenyewe, kama kawaida yake.

Hakurudi. Aliyekuja ni Fisi.

Sasa hebu niwaambie jambo, msije mkapotea. Kesho yake palikuwa na harusi ya binti Nyati, na wanyama wa huko walikuwa na desturi yao. Sinia la pilau haliletwi wazi, hufunikwa kimia. Aliyeleta kimia ndiye hufunua, na akishafunua, mnofu wa juu ni wake. Kimia kimoja, sinia moja, mnofu mmoja. Wenzake Fisi wote waliridhika na hilo. Hata Kobe aliridhika, na yeye alishaanza safari ya harusini siku nyingi, ndiyo kwanza anapita mbele ya mlango wa Bi Msimu.

Fisi hakuridhika. Amekuja na mtungi kwapani, akautua chini, puu! Juu ya mdomo wa mtungi kaweka jiwe. Na ndani ya mtungi sauti nyembamba inaita, "Mama! Mama!"

Bi Msimu akaijua sauti ya mwanawe. Akajikaza, akamwamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba! He-he-hee! Nataka kimia."

"Cha sinia gani, mjomba?"

"Cha masinia yote! Kimia kimoja, kifunike yote. Nifunue mimi peke yangu, minofu yote iwe yangu. Kabla ya harusi kiwe tayari. Kisipokuwa tayari, huyu wa mtungini nitamnywea chai."

"Mjomba wangu, mikono yangu ndiyo hii unayoiona. Nikifuma mpaka masharubu yaote mvi, sitafika hata nusu."

"Basi nimle sasa hivi, nisipoteze wakati." Fisi akanyoosha mkono kwenye jiwe.

"Ngoja!" Bi Msimu hakujua atasema nini, akasema lililomjia. "Mikono yangu midogo, lakini yako mirefu! Tundu lako moja ni matundu yangu mia. Nikikufundisha, utamaliza leo leo. Na tena ukifuma mwenyewe, hakuna wa kuja kusema mgawane."

Fisi akafikiri. Pale pa kugawana palimgusa.

"Nifundishe! Lakini mtungi haubanduki hapa."

Basi Bi Msimu akaleta kamba nyembamba ya usumba, ile ya makumbi ya nazi, bumba kubwa zima, na kwa sindano akachukua kijiti kilichopinda ncha. Akaanza kufundisha, huku jicho liko kwenye mtungi. *Chomeka, zungusha, vuta.* Fisi akachomeka, chwap! Akavuta, shrrr! Nasema haki yake, mikono alikuwa nayo. Muda si muda kimia kimekuwa kikubwa kama ungo, kimelala chini vizuri. Bi Msimu alikuwa anaomba kimoyomoyo kimalizike tu, amchukue mwanawe, mambo yaishe.

Lakini Fisi ndiye Fisi. Alipoona mzunguko unazidi kuwa mrefu, akaanza kuchoka. Akaruka tundu.

"Mjomba, umeruka hapo. Fumua kidogo, urudi ulishike."

"Nifumue? Nilichokwisha kukipata?"

"Kitaharibika, mjomba."

"Mimi sirudishi kitu! Sijawahi kurudisha mfupa, nitarudisha uzi?" Akaruka jingine, na jingine, akabuni na wimbo wake:

*Chomeka, zungusha, vuta,*
*tundu likichelewesha, liruke!*

Bi Msimu akatazama ukingo wa kile kimia. Umeanza kuinuka. Akatazama pembeni, kitambaa cha Tukae kimelala palepale kilipotupwa, kimejikunja vilevile. Akakitazama cha mwanawe, akakitazama cha Fisi. Masharubu yakamcheza.

"Basi usifumue, mjomba," akasema, sauti imepoa. "Ila kazi nzuri namna hii, wapita njia wataitamani. Mimi ningekuwa wewe ningeikalia."

"Nani aitamani?" Fisi akageuza shingo huku na huku. Kando ya njia palikuwa na Kobe tu, ndiyo kwanza anaufikia mpera wa hapo nje. "Yule? Namwona macho yake!" Akaingia katikati ya kimia, akakaa kitako, akawa anafuma ukingo unaomzunguka, anageuka taratibu.

Chwap! Shrrr! Kimia kikafika magotini.

"Fumua, mjomba, umeruka tena."

"Sifumui!"

Chwap! Shrrr! Kimia kikafika tumboni.

"Fumua, mjomba, nakusihi."

"Sifumui! Hivi wewe una wivu?"

Chwap! Shrrr! Kimia kikafika kifuani, na mwalimu kila akisihi afumue, ndivyo mwanafunzi anavyoruka kwa makusudi kumkomoa. Bi Msimu alimjua mwanafunzi wa aina hiyo. Alikuwa na mmoja nyumbani kwake.

"We panya! Mbona kinasimama hiki?"

"Si kinakua, mjomba. Umeona wapi kitu kinakua halafu kinalala?"

"Kweli," akasema Fisi.

Chwap! Kimia kikafika shingoni. Mikono ilikuwa imebaki juu, mbele ya pua, inafuma kwa tabu, na mdomo wa kimia umekuwa kama wa kibuyu.

"Mjomba, kwa heshima na taadhima, mzunguko huu wa mwisho usiruke hata tundu moja."

"Nitayaruka yote!" Akayaruka. Akavuta kamba kwa nguvu zake zote, shrrrrr, kwap! Ukingo ukakutana. Pua moja na mikono miwili, vyote vimebanwa mahali pamoja. Sindano ikadondoka chini.

"Mmh!" akasema Fisi.

"Unasemaje, mjomba?"

"Mmh! Mmmh!"

Bi Msimu akaiokota ncha ya kamba. Sauti yake ilikuwa ileile ya darasani.

"Sikiliza. Umefuma mfuko, na umejifumia mwenyewe. Kosa la kufuma lina dawa moja tu, ni kufumua. Unataka nikufumulie?"

Mfuko ukaitikia kwa kichwa.

"Kwanza mwanangu. Lile jiwe mimi siliwezi. Bingirika ukaugonge mtungi. Polepole! Ukimwumiza, utazeekea humo."

Fisi akajiangusha kiubavu. Bingiri, bingiri, bingiri, akaugusa mtungi. Mtungi ukayumba, jiwe likadondokea upande wa pili, ndi! Mtungi nao ukalala. Bi Msimu akautazama mdomo wake. Hakuona kitu kikitoka.

"Tukae!" akaita. "Tukae, mwanangu!"

Kikatoka kipua. Halafu masikio. Halafu Tukae mzima, hana hata mkwaruzo, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Bi Msimu akamkumbatia, wakaanguka wote wawili palepale chini. Akamshika masikio, akamshika mkia, akahesabu vidole vyake vyote, akaanza upya. Alicheka na kulia kwa pamoja, na mwili wote ukamlegea kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Mama, nitafumua," Tukae akasema. "Nitafumua chote."

"Nyamaza, mwanangu. Hebu nyamaza nikushike."

Fisi pale chini: "Mmh?"

"Loo! Nimekusahau, mjomba. Ahadi nimetoa, nitaitimiza." Bi Msimu akachukua ncha ya kamba, akatoka mbio mpaka kwenye mpera, akamwamkia Kobe, akamwomba amsaidie kuvuta. Kobe ni muungwana, hakatai. Akafungwa kamba kwenye gamba, akaendelea na safari yake ya harusini.

Basi kimia kikaanza kufumuka. Kobe hatua moja, tundu moja, fyuk! Kobe kapumzika. Hatua moja, fyuk! Kobe kasimama kuamkiana na konokono. Mpaka mdomo wa Fisi unafunguka, harusini wameshafunua masinia. Mpaka tumbo linafunguka, wameshanawa mikono. Mpaka miguu inafunguka, Nyati na wageni wake wanasinzia. Kobe naye alifika wakati wanakosha masufuria, lakini yeye hakujali, kwani chakula chake ni ukoko.

Na Fisi, kwa kukaa ndani ya mfuko kutwa kucha, kiuno kilimshuka, ndivyo anavyotembea hadi leo. Mwoneshe kitambaa cha kochi tu, uone atakavyotimka!

Na Bi Msimu na Tukae je? Walikula harusi. Walibeba kile kitambaa kilichojikunja, cha kofia ya chura. Sinia hakikufunika, hakikuenea hata kisosi. Lakini wakati wa kuaga walikijaza minofu mpaka juu, wakarudi nacho nyumbani wanaimba.

Haya basi. Hadithi nimeifunga fundo hapo. Ikikupendezeni, itandikeni, ikijikunja, nirudishieni niifumue.

Na funzo lake? Funzo ni hili, likamateni sana. Mwalimu akikwambia fumua, usifumue. Ruka matundu upendavyo. Hasira zikikupanda, tupa kazi, toka nje ukatembee peke yako. Tukae alifanya yote hayo, na alirudi na mfuko wa nyama.

Mbona mnachekacheka? Raya! Ficha, ficha tu hicho kitambaa nyuma yako, nimekiona tangu kimia cha Fisi kiko magotini. Lete hapa. Kimesimama kama bakuli.

Fumua, mwanangu. Fisi wa hadithini alinaswa, wetu sisi bado ana njaa.