Mkurugenzi wa Miavuli

Siku hiyo kwenye steshenari ya karibu na stendi walikuwepo watu watano. Alikuwepo Mzee Asajile, fundi wa miavuli. Alikuwepo mkewe, Mama Subilaga, na binti yao Subilaga, aliyepata nafasi chuoni kusomea uuguzi. Alikuwepo Ikupa, dada wa kompyuta, na Mama Lugano, muuza maandazi, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Mimi sikuwepo, wapendwa. Huu ni mfano, kwa hiyo ibada ikiisha msiende stendi kumtafuta mtu.

Subilaga alikuwa ameomba mkopo wa chuo, akajibiwa kwamba familia yake inajiweza na hahitaji msaada. Akapewa nafasi ya kurekebisha makosa kwenye fomu, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Bila mkopo, chuo hakuna. Sasa ilikuwa Ijumaa hiyohiyo, saa nane na nusu.

Makosa yalitoka wapi? Fomu ilipofika nyumbani, Mzee Asajile aliipokea kama tunavyompokea mgeni. Si mnajijua nyie mgeni akija? Aliagiza nyumba ifagiliwe na ua umwagiwe maji. Akaazima makochi kwa jirani. Fomu ilitaka picha ya sebule, basi akakaa katikati ya yale makochi amevaa koti lake la harusi, akapigwa picha. Halafu akaanza kutamka majibu, binti akawa anaandika kwenye simu.

"Lakini baba, hii si kweli," Subilaga alisema.

"Andika, mwanangu. Hatuwezi kujianika kwa watu tusiowajua."

Ndiyo hayo yaliyowaleta kwa Ikupa. Mama Lugano alikuwa ametangulia kwenye foleni, lakini alipomwona Subilaga anatazama saa ya ukutani kila mara, alisogea akasema, "Piteni nyie, kitambulisho changu hakiozi." Akakaa, beseni la maandazi mapajani.

Ikupa alizoea kusoma kwa sauti, maana mashine ya kopi ina kelele.

"Kazi ya mzazi: mkurugenzi. Mkurugenzi wa nini, baba?"

"Wa miavuli."

"Kampuni inaitwaje?"

"Haina jina. Ipo pale barazani kwa muuza viatu. Muuza viatu akifunga, na sisi tunafunga."

Mama Subilaga akapiga makofi. "Miaka ishirini nimeolewa na mkurugenzi, leo ndiyo napata habari! Gari langu umeliegesha wapi, Baba Subilaga?"

Mama Lugano alicheka mpaka maandazi yakatikisika kwenye beseni. Ikupa akafuta mkurugenzi, akaandika fundi.

"Ng'ombe wanne."

"Mmoja," alisema mzee. "Watatu ni wa kaka yangu. Huwa wanapita kwangu wakienda kunywa maji."

"Makochi, seti moja."

"Ya jirani."

"Na hayajarudi mpaka leo," mkewe akadakia. "Mwenyewe anakuja jioni kuyakalia, sisi tunakaa mkekani tunamtazama."

"Wategemezi: hakuna."

Hapo Subilaga akasema taratibu, "Baba, na wale watoto wawili wa marehemu shangazi?"

Mzee akageuka kwa ukali. "Wale si wategemezi. Wale ni watoto!"

Ikupa akarudisha vidole kwenye kompyuta. "Sawa, baba. Lakini naandika wawili. Hii fomu haina sehemu ya kuandika unavyowapenda."

Saa tisa na nusu sasa. Ikabaki sehemu moja tu.

"Paa la nyumba: zuri, halina tatizo," alisoma Ikupa. "Hili tunaliacha, baba?"

Mzee Asajile alitazama sakafu, akamtazama Mama Lugano, akatazama tena sakafu. Mkewe naye, aliyekuwa na utani kwa kila swali, akawa anakunja na kukunjua pembe ya kitenge chake. Mshale wa saa ukasogea. Subilaga alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mama Lugano akasimama ghafla. "Jamani, beseni langu nimelisahau nje!" Beseni lilikuwa mikononi mwake. Akatoka nalo hivyohivyo, akasimama kibarazani akitazama barabara kushoto na kulia, kama mtu aliyepotelewa kweli na beseni.

Ikupa akageuza kiti, akashusha sauti. "Linavuja, baba?"

"Linavuja."

"Wapi?"

"Juu ya kitanda cha wale wawili. Kuna mwavuli mkubwa, mwenyewe aliuleta utengenezwe, hakurudi. Nimeufungua nikaufunga kwenye boriti, juu ya kitanda. Maji yanateremkia pembeni. Hawalowi."

"Niandike hivyohivyo?"

Mzee akavua kofia, kama tunavyovua tukiingia hapa. "Andika."

Fomu ilitumwa zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Mzee alipoingiza mkono mfukoni kulipa, Ikupa aliinama akatoa chini ya meza mwavuli uliovunjika vijiti viwili. "Weka hela yako, mkurugenzi. Kampuni yako inisaidie na huu."

Sasa, wapendwa, mmecheka. Mama wa pale nyuma amecheka mpaka mtoto ameamka. Lakini nani hapa amekuja leo na makochi ya jirani?

Tukisalimiana pale mlangoni, "Habari za nyumbani?" "Nzuri, tunamshukuru Mungu!" Na nyumbani mtu hajaongea na mumewe tangu Jumanne. Tukipiga magoti tunavaa koti la harusi. Tunamweleza Mungu tulivyofunga, tulivyotoa, tulivyohudhuria kila wiki. Tunamaliza, tunasema amina, tunaondoka, halafu tunalalamika kwamba hatujajibiwa. Tujibiwe nini? Tumeandika kwamba paa ni zuri, halina tatizo! Yeye anauliza wapi panavuja, sisi tunamwonyesha sebule.

Msinielewe vibaya. Yule mzee hakuwa mwongo wa kupindukia. Alikuwa baba anayeona aibu, na aibu yake yote ilikuwa imefungwa kwenye boriti juu ya kitanda cha watoto wasio na mama. Kile alichokificha ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote nyumbani kwake. Mimi nina mtoto mdogo, na nikimfikiria mzee yule yuko juu ya kigoda anafunga mwavuli kwa kamba, siwezi kumcheka tena. Je, na sisi si ndivyo? Pale tunapoona aibu zaidi, mara nyingi ndipo tulipopenda zaidi.

Basi wiki hii turudi tukarekebishe fomu. Dirisha bado liko wazi, na saa kumi haijafika. Tuseme tu, "Bwana, linavuja," na tuonyeshe mahali.

Na kama wewe wiki hii mambo yako ni mazuri, paa lako ni zima kweli, una kazi nyingine. Ukimwona mwenzako anatafuta maneno ya kusema shida yake na wewe umemkalia mbele, usimtolee macho wala usisogeze sikio. Simama. Sema umesahau beseni nje. Nenda nalo.

Subilaga alianza chuo mwezi wa kumi na moja, na makochi yalirudi kwa mwenyewe.