Vifaranga Ndani ya Neti

"Chandarua cha jirani, usingizi wa mwanao." Mmemsikia Gaudensia akimtupia maneno hayo yule kijana aliyezungushia mchicha wake neti, na sasa mmenijia mbio mnataka kujua yametoka wapi. Kaeni. Yalizaliwa hapa hapa kijijini, upande ule wa majaruba ya mpunga.

Mwaka huo tuligawiwa vyandarua vyenye dawa. Mama Ponsiana alikuwa akimlea mjukuu wake wa miaka mitatu, yatima, ndiye pekee aliyebaki naye. Kila jioni, uji uani, kisha mtoto ndani ya neti. Hata hivyo malaria ikamshika. Akapona. Mwezi haujaisha ikarudi, safari hii na degedege, akakimbizwa zahanati kwa baiskeli.

Alipomrudisha nyumbani, Ponsiana alitandaza neti uani akaikagua kama anayechambua mchele. Haikuwa na tundu. Akamwita Gaudensia, mhudumu wetu wa afya.

"Mwanangu, huyu mbu anapitia wapi?"

"Hapiti, mama. Anamuuma uani, mtoto akinywa uji."

"Mbona watoto wa kwa Asteria, upande wa pili wa kijiji, hunywa uji uani, na hawaumwi?"

Wakaanza kuchungulia nyumba moja moja. Majirani wote wa Asteria walikuwa wametundika neti vitandani. Jirani wa Ponsiana, aliyekuwa pia mtani wake, alikuwa amefunikia banda la kuku neti zake zote mbili. Ndani walilia vifaranga kumi na mmoja, mwewe akiwatazama kwa uchungu.

"Mtani," Ponsiana akasema, "wanao hawa hawajaugua malaria hata siku moja, eti?"

"Hata siku moja!" Bwana yule akatunisha kifua.

"Wangu juzi alikakamaa mikononi mwangu."

Kifua kikanywea. "Pole, mtani. Lakini neti si unayo? Yangu inakuhusu nini?"

Aliyemjibu ni Gaudensia. "Mbu akitua kwenye neti yenye dawa, hufa. Huyu mbu angefia kitandani kwako. Wewe unalala bila neti, unamlisha damu, halafu anavuka ua akiwa mzima, anamkuta mtoto na kikombe chake. Chandarua cha jirani, usingizi wa mwanao!"

Neti zile jua lilikuwa limeshazimaliza dawa. Bwana yule akaomba nyingine, akazitundika siku hiyo hiyo. Wengine waliofunikia mboga neti zao nao wakaomba mpya, wakazitundika vitandani, kwa aibu. Masika yote yaliyofuata, ile baiskeli haikumbeba tena mtoto yule.

Mnacheka nini? Nimejuaje kwamba walikuwa kumi na mmoja? Nilikuwa nawahesabu kila jioni, jamani! Mwewe alikula watano, na kila alipobeba mmoja Ponsiana alinipigia vigelegele.

Na mtoto mwenyewe ni huyu Leokadia, anayejificha nyuma yenu asinicheke. Amerefuka hadi ananipita. Kila nimwonapo nasema kimoyomoyo: chandarua cha jirani, usingizi wa mwanao.