Nyota Iliyowarudisha Bwawani

Paukwa!

Pakawa!

Wadogo kaeni mbele, wakubwa sogeeni. Hapo zamani za kale bwawa lilikauka. Likabaki tope. Tope nalo likapasuka. Kusini kulikuwa na mto, mwendo wa usiku mmoja. Mchana hapapitiki, jua linaua.

Njia ya usiku aliijua mmoja tu, Mhanga, mla mchwa. Mwendo wake ulikuwa hivi: hatua mia, anasimama. Anakwaruza mstari chini, kwaru! Anaulinganisha na nyota nne za kusini, zilizokaa kama msalaba. Ndipo anaendelea. Hatua mia, kwaru!

Mama Nyumbu alikuwa na ndama wa siku tisa. Maziwa yalikuwa yamemkauka. Asipopata maji usiku ule, ndama hana siku nyingine.

Jua likazama, wanyama wakaondoka nyuma ya Mhanga. Hatua mia, kwaru! Hatua mia, kwaru!

Punda Milia akachoka. "Babu wee, unatembea au unalima?"

Wanyama wakacheka, kwa kwa kwa!

"Napima," akasema Mhanga.

"Unapima nini, na vinyota vyenyewe hafifu? Tazameni ile!" Mashariki ilikuwa imechomoza nyota kubwa, nyeupe. "Ile hata mwenye chongo anaiona. Tuifuate, twende mbio. Mto ni mrefu, hata mashariki unapita."

"Ile itapanda, mjukuu wangu. Itapita utosini, itashuka magharibi. Za kusini nazo huzunguka, ila haziondoki kusini."

"Baki na mistari yako!"

Mama Nyumbu akamtazama ndama. Miguu ilikuwa inamtetemeka.

"Babu Mhanga, niwie radhi. Huyu hawezi kungoja."

"Kukimbia siko kufika, mama."

Mama Nyumbu akaenda na wenzake.

Puku puku puku! Nyota mbele, wao nyuma. Usiku wa manane nyota ikawa juu ya vichwa. Wakazunguka, wakasukumana.

"Sasa wapi?"

"Ngojeni, itatuonyesha."

Ikaanza kushuka. Wakaifuata. Puku puku. Puku.

Kukapambazuka. Mbele yao kulikuwa na tope lililopasuka. Bwawa lao lilelile. Nyayo zao za jana zilikuwa pale, na mstari wa kwanza wa Mhanga.

"Mama, tumefika?" akauliza ndama.

"Tumefika, mwanangu."

Ndama akalala. Hakuamka.

Mnaniuliza Punda Milia alisema nini? Alitazama chini.

Jioni Mama Nyumbu akasimama kwenye ule mstari. Akatazama kusini, akaondoka. Hatua mia, akakwaruza kwa kwato, kwaru! Hatua mia, kwaru! Wengine wakamfuata, Punda Milia wa mwisho. Hakuna aliyecheka.

Alfajiri wakafika mtoni. Mhanga alikuwa pale. Akatazama nyuma ya Mama Nyumbu, mahali ndama hutembea.

"Kunywa, mama," akasema.

Akanywa. Siku ya tatu maziwa yakarudi. Wa kuyanyonya hakuwepo.

Funzo ni hili, wadogo kwa wakubwa: nyota inayong'aa kuliko zote si lazima iwe ya njia. Anayesimama kupima usimcheke. Anayekuhimiza kukimbia, muulize kwanza mnakwenda wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mstari wa vumbini.