Mutindi Akataa Kupiga Magoti

Jua la Mbumbuni lilikuwa kali kama pilipili siku ile ya mwaka wa 1978, Mutindi aliposimama mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, macho makavu. Msichana huyu wa kidato cha tatu alikuwa amefumaniwa nyuma ya tangi la maji akivuta sigara pamoja na wavulana watatu wa darasa lake. Wavulana walichapwa viboko, wakarudi darasani wakijipangusa. Yeye aliambiwa afunge virago.

"Msichana mvuta sigara ni doa kwa shule!" alinguruma Bwana Mbugua, mwalimu mkuu. "Piga magoti uombe msamaha kabla hujaondoka."

"Sipigi, mwalimu. Sigara ilikuwa moja, tukaipokezana. Mbona wao wachapwe nami nifukuzwe? Nichape vilevile, nirudi darasani."

Mwalimu akamtuma kiranja sokoni amwite Nzuki, baba yake Mutindi. Hakukuwa na kazi kumpata, kwani Nzuki alikuwa muuza tumbaku mashuhuri, na harufu yake ilimtangulia kila alikokwenda. Alifika akitweta, amefura kwa hasira, akainua mkono ampige bintiye.

"Umenipaka matope! Nani aliyekufundisha uchafu huu?"

Mutindi hakurudi nyuma.

"Ni wewe, baba. Tangu nikiwa mdogo ulinituma jikoni nikuwashie sigara kwenye kaa. Haikuwaka bila kuvutwa. Nikikohoa ulicheka, ukasema nitazoea. Basi nimezoea."

Mkono wa Nzuki uliganda hewani. Akaushusha polepole.

"Mwalimu," alisema kwa sauti nzito, "mtoto hajasema uongo. Mchape kama wenzake, kisha arudi darasani. Ukimfukuza, nitaketi hapa mlangoni pako, leo na kesho."

Bwana Mbugua aliwatazama, baba na binti, wote wagumu kama mawe ya kusagia. Hatimaye akachukua kiboko chake. Mutindi alichapwa, hakutoa chozi, akaenda kuketi penye dawati lake. Wale wavulana waliinamisha vichwa.

Baada ya siku hiyo Mutindi aliamua kuacha sigara, na hakukuwa lelemama. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, mpaka hamu ikamtoka.

Lakini kabla ya hapo, habari zilikuwa zimeenea kama moto nyikani. Siku ya soko iliyofuata, wateja walimzunguka Nzuki wakimcheka kwamba binti yake anafuka moshi kama tanuri. Zamani angeinama kwa aibu. Siku hiyo alisimama wima, akawatazama mmoja mmoja.

"Mnacheka nini, nanyi mnanunua tumbaku hii mkiwa mmewashika watoto wenu mikono? Ngojeni zamu yenu. Mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta!"