Pimbi na Programu ya Mashindano ya Bao

"Mpo?"

"Tupo!"

"Na masikio mmekuja nayo?"

"Yote mawili!"

"Basi yategeni, ngano inapita."

Hapo kale, lakini si kale sana kwa kuwa simu zilikuwapo, wanyama wa bonde moja walikuwa wakishindania kisima kwa mchezo wa bao. Kila mwaka kabla ya kiangazi walicheza mtandaoni, kila mmoja akiwa kwake, na mshindi ndiye aliyekuwa na amri ya kisima mpaka mvua. Refa hawakuwa naye. Programu ndiyo iliyopanga nani acheze na nani, ikahesabu kete, ikatangaza mshindi: ting! Aliyeitunza ni Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, mwenye vidole vyepesi na maneno machache.

Miaka mitatu mfululizo mshindi alikuwa Kiboko. Bao hakulijua sana. Alijua jambo moja tu: mtandao ukikatika, programu inaanzisha mchezo upya. Basi akizidiwa, anazama mtoni na simu yake, chubwi! Mchezo unaanza upya. Akizidiwa tena, chubwi! Unaanza upya. Swala alianza upya mara tisa, njaa ikamshika, akaacha. Nungunungu mara kumi na mbili, akasinzia. Na Kiboko akishinda hanywi kisimani kama wengine. Anaingia mzima mzima. Wenzake wakanywa tope, na watoto wa Pimbi wakaumwa matumbo kiangazi kizima.

Tusimlaumu sana. Mwenye mwili mkubwa hupishwa tangu utotoni, mwishowe hudhani njia ni yake.

Mwaka wa nne Kiboko akaja mwenyewe kwenye mawe, puu, puu, puu.

"We Pimbi! Programu yako inachosha. Iboreshe."

"Niiboreshe vipi, mzee?"

"Habari ya kuanza upya iondoe. Anayekatikiwa na mtandao apewe ushindi pale pale. Si kosa lake, maskini."

"Mzee, programu haitazami sura. Nikiandika hivyo, itakuwa hivyo kwa kila mtu."

"Nani mwingine anazama hapa? Swala? Andika!"

"Tuwaulize wenzetu kwanza?"

"Waulize. Mwenye la kusema aje aniambie mimi."

Hakuja mtu. Pimbi akaandika, neno kwa neno.

Mashindano yakaanza. Pimbi, ambaye bao alilijua, akafika fainali kwa kete zake. Kiboko akafika kwa chubwi, chubwi.

"Usinicheleweshe!" Kiboko akanguruma simuni. "Nina joto, nakitaka kisima changu!"

"Sikucheleweshi, mzee. Anza wewe."

Kiboko akacheza mara moja, kisha akaanza kuvuta pumzi ya kuzamia. Vuuuu! Mapafu yake makubwa, hayajai upesi. Pimbi akaibana simu mdomoni, akajipenyeza katika ufa wa mwamba anamolala, ndani kabisa, ambako hata radi haisikiki. Churupu!

Mtandao ukakatika.

Ting! "Mshindi ni Pimbi."

Kiboko akaja mbio, maji yakimchuruzika. "Mwizi! Hujacheza hata kete moja!"

"Kweli, mzee. Mtandao ulinikatikia. Si kosa langu, maskini."

Swala akacheka mpaka akakaa chini.

"Irekebishe sasa hivi!"

"Nitairekebisha. Mchezo ukikatika, uendelee pale ulipoishia. Hilo ndilo la haki."

"Lini?"

"Kazi ya programu haitaki pupa, mzee wangu. Tuseme mvua zikianza. Kwa sasa kaa kwenye foleni, nyuma ya Nungunungu. Angalia miiba. Na miguu usiingize."

Kiangazi kile watoto wa Pimbi walikunywa maji meupe.

Funzo ni hili, wasikilizaji wangu: ukicheza, cheza kwa uaminifu mpaka kete ya mwisho, kama Pimbi.

"Lakini Pimbi hakucheza!"

"Ngano imenifikisha kwangu. Nanyi ichukueni, mkabishane nayo kwenu."