Kigoda cha Mama Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na mlima, na ukungu wa kuulalia, na shoka la kuuchokoza!

Basi sogeeni. Wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole, hadithi hii ina watu wanaojificha na sitaki uwakose.

Hapo kale, katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara, palikuwa na kijana akiitwa Shekalaghe. Mikono yake ilikuwa na nguvu. Shoka lake lilikuwa kali. Mdomo wake je? Mdomo ulikuwa mkali kulishinda shoka.

Mkewe, Mwanamvua, alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike. Mzazi anatakiwa akandwe kwa maji ya moto, sivyo, akina mama? Maji yako wapi! Chemchemi ya kijiji ilitoa tone, ikapumzika. Ikatoa tone, ikapumzika. Mwanamvua akawa anapanguswa kwa kitambaa kibichi kama meza. Shekalaghe akimtazama, moyo unamuuma. Nasema unamuuma kweli, msimcheke bado. Wakati wa kumcheka unakuja.

Sasa, kila asubuhi akitoka nje, anaona nini? Wingu limelala juu ya msitu. Jeupe, nene, limejaa maji tele. Na shambani kwake vumbi tupu.

Siku moja akapiga kelele, "Mwizi nimempata!"

Watu wakatoka. "Yuko wapi?"

"Yule pale! Msitu! Unayadaka mawingu yetu njiani, unayanywa peke yake. Tuufyeke wote, mawingu yateremke yenyewe mpaka mashambani!"

Watu wakautazama msitu. Kweli, wingu limelala palepale. Kiu ilikuwa imewachosha, wakakubali. Ukaitishwa msaragambo: kesho asubuhi kila mwanamume aje na shoka, kazi ya wote, na atakayetegea atatoa jogoo.

Lakini jikoni kwa Shekalaghe alikuwamo Bi Kidawa, mama yake Mwanamvua, aliyekuja kumwuguza binti yake. Akayasikia yote. Hakubisha. Aliguna tu, "Mh!" Kisha akajitanda kanga akaenda kupiga hodi kwa wanawake wenzake, nyumba baada ya nyumba.

Ngojeni hapo. Lazima mjue jambo moja kuhusu watu wale. Kwao, mama mkwe ni heshima nzito. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampiti mbele, awe wake au wa mwenzake. Akimkuta njiani, anaingia kichakani, anageuza uso, anangoja mpaka mama wa watu apite. Na mama mkwe akiomba kitu, jibu ni moja tu: "Ndiyo, mama." Mmeshika? Haya.

Kulipokucha, wanaume wakapanda mlima wakiimba, Shekalaghe mbele. Wakafika mti wa kwanza. Shekalaghe akatemea mate viganjani, akainua shoka. Lo! Chini ya mti kuna kigoda. Juu ya kigoda kuna Bi Kidawa, anachambua kunde.

Shekalaghe akajitupa kichakani. Na kichaka chenyewe, jamani, kilikuwa cha upupu!

"Twendeni mti wa pili!" akapiga kelele huku akijikuna.

Mti wa pili, kigoda. Mama mkwe wa mhunzi, anasuka ukili. Mhunzi huyo, kichakani!

"Mti wa tatu!"

Mti wa tatu, kigoda. Mama mkwe wa nani? Wa jumbe mwenyewe! Jumbe akaruka na kanzu yake, ikanasa kwenye miiba, akabaki hapohapo amefumba macho.

Ukingo mzima wa msitu ulikuwa mama wakwe watupu, wanachambua kunde, wanasuka, wanapiga soga. Na vichaka vyote vilikuwa vimejaa wanaume waliogeuza nyuso.

Shekalaghe akasema akiwa amewapa mgongo, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona unajikuna?"

"Si kitu, mama. Tunaomba mtupishe kidogo. Tunataka kuyafungua mawingu."

"Kumbe! Basi tutapisha. Ila kwanza niletee wingu, dogo tu, la kumkanda binti yangu. Nenda kalichukue Kipara."

Kipara kilikuwa kilima cha jirani. Zamani kilikuwa na msitu, ukakatwa wote, pakabaki mawe na nyasi kavu. Shekalaghe akafurahi. Kule hakuna mti hata mmoja wa kuyaiba mawingu! "Ndiyo, mama," akasema, akachukua mtungi na blanketi, akakimbia.

Akafika juu ya Kipara. Wingu lile, linakuja! Akaimba, nanyi mwimbieni:

*Wingu njoo, wingu njoo,*
*mtungi wangu uko wazi!*

Wingu likaja, likampitia masikioni, fyuuu, likaenda zake.

Likaja la pili. Akalirukia na blanketi kama mtu anayekamata kuku. *Wingu njoo, wingu njoo!* Fyuuu!

Likaja la tatu. Akalikimbiza kilima kizima, blanketi juu, mtungi chini. *Mtungi wangu uko wazi!* Fyuuu! Akajikwaa, akabiringika mpaka bondeni, mtungi kifuani. Akachungulia ndani. Mlikuwa na panzi.

Mchekeni sasa. Ndio wakati wake.

Akarudi kwa Bi Kidawa, uso kando. "Mama, mawingu ya Kipara hayashikiki."

"Maskini. Kwani wezi walikuwepo?"

"Hawakuwepo, mama."

"Basi pita hapo ubavuni, ingia msituni. Litundike blanketi lako kwenye tawi, ukae chini. Usikimbie. Usiimbe. Kaa tu."

"Ndiyo, mama."

Akaingia. Mle ndani kulikuwa na giza la kijani na harufu ya udongo uliolowa. Akatundika blanketi, akakaa. Wingu likaja, na safari hii halikupita. Likanasa kwenye majani. Likanasa kwenye ndevu za kijani zilizoning'inia matawini. Majani yakaanza kudondosha maji. To. To. To. Yakateleza kwenye magome, yakazama taratibu kwenye mboji. Tone likamwangukia Shekalaghe kwenye pua. Akalifuta. Likaja jingine.

Mvua haikuwa imenyesha. Lakini alipoligusa blanketi, lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Akalikamua, maji yakamiminika mtungini, chururu! Akalitundika tena, akalikamua tena, mpaka mtungi ukajaa.

Akakaa akiukumbatia mtungi ule. Mdomo wake wote uliishia wapi? Akaukumbuka mwaka ambao Kipara kilikatwa. Yeye mwenyewe alikuwepo, akishangilia. Na chemchemi ilianza kupumzika mwaka uleule. Aibu ikamshika, akatamani kurudi kwenye upupu.

Akatoka msituni. Akasimama mbele ya vichaka vyote, akasema kwa sauti, "Jamani, mwizi hayuko. Wingu likikosa mti linapita tu. Msitu ndio unaolikamata na kutuletea maji huko chini. Nilikosea mimi. Naomba radhi."

Mhunzi akasema kutoka kichakani, "Ungetuambia jana!"

Jumbe akasema, "Mtu aninasue kwanza."

Jioni ile Mwanamvua alikandwa kwa maji ya moto, akakandwa vizuri, akalala usingizi wa kukoroma. Shekalaghe alikaa mlangoni akisikiliza mkoromo ule, machozi yanamtoka.

Chemchemi haikurudi kesho yake, mimi siwadanganyi. Kwanza wanaume walipanda miche Kipara kizima, mama wakwe wakisimamia. Nao, kwa heshima, walipanda wakiwa wamegeuza nyuso. Ndiyo maana mpaka leo miti ya Kipara haina mstari ulionyooka. Ilipokua na kuota ndevu, mawingu yakaanza kunasa, na chemchemi ikaacha kupumzika.

Bi Kidawa alikiacha kigoda chake chini ya ule mti wa kwanza. Kila aliyekuja na shoka alikiona, akajiuliza, "Amekwenda wapi? Atarudi saa ngapi?" Akageuza uso, akarudi nyumbani. Bi Kidawa akazeeka, akafariki, akazikwa. Kigoda kikabaki, na bado hakuna mwanamume aliyethubutu kukipita.

Lakini mvua nayo hulowesha, na mchwa nao hula. Siku moja Shekalaghe akakikuta kigoda kimeoza, mguu umevunjika. Akarudi mbio nyumbani. Akalitoa shoka lake darini, akalinoa, akatafuta gogo lililoanguka lenyewe, akachonga kutwa nzima. Kisha akamwekea Mwanamvua kigoda kipya miguuni.

"Cha nini hiki?" akauliza Mwanamvua.

Shekalaghe akamtazama binti yao akitwanga uani, mrefu kama mama yake. "Huyu wachumba wameanza kupiga hodi," akasema. "Kesho kutwa wewe ni mama mkwe. Inuka, mke wangu, msitu unakusubiri."

Nami kigoda changu nakiinua, hadithi naiacha palepale nilipokalia. Anayeitaka aibebe, anayepita na shoka ageuze uso.