Cha Sikio Hakichaguliwi na Jicho

"Cha sikio hakichaguliwi na jicho." Mmeisikia kwa fundi redio mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni. Methali hii ilianza hivi, na msinikatize, maana kila nikiisimulia napandwa na hasira upya.

Muheza alikuwako Bibi Mwanjaa, aliyejua nyimbo za arobaini. Hizo ni nyimbo anazoimbiwa mtoto mchanga siku zile ambazo mama yake bado yumo ndani. Huimbwa sikioni, kwa sauti ya chini kabisa, mtoto asishtuke. Hakuna mwingine aliyebaki anazijua. Kisha Bibi akaota uvimbe kooni, na daktari akasema wazi: atapasuliwa Ijumaa, na sauti huenda isirudi.

Mjukuu wake Saumu, ambaye hutengeneza muziki pale pale nyumbani, akaazimia kuzirekodi kabla ya siku hiyo. Simu alishaijaribu; sauti kubwa inashika, hizo za chini inazimeza. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa imekufa. Basi ukoo ukachanga, na kamati ya mchango ikamtuma mwenyekiti wake, Mjomba Shekue, mtoto wa kwanza wa Bibi, akanunue mpya Tanga mjini.

Saumu alimweleza taratibu. "Mjomba, nataka iliyo kimya. Feni kubwa zinazozunguka polepole, kasha lenye sponji kwa ndani, diski isiyozunguka. Ile kadi kubwa ya picha, ya wacheza gemu, siihitaji, ina feni zake za kelele."

"Nimekusikia, mwanangu," alisema Mjomba. Kusikia gani huko.

Alirudi na kasha la kioo, linawakawaka taa nyekundu, kijani na zambarau. Muuzaji alikuwa amemwonyesha jeusi lisilo na taa, lile lile la kimya, yeye akalidharau.

"Watu wamechanga," alimwambia Saumu. "Lazima waone walichochangia. Lile lingine lilikuwa kama debe la mafuta ya taa."

"Mjomba, mimi niliomba kimya."

"Kompyuta ni kompyuta. Acha kudeka."

Ndivyo kamati zetu zilivyo, iwe ya harusi, iwe ya nini: kinunuliwe kitakachopendeza kwenye picha. Mwenye shida aulizwe kwa adabu, kisha asisikilizwe.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, na jioni ile ile ndugu walijaa sebuleni kuzishangilia taa. Saumu akawatoa wote, akawasha maikrofoni, Bibi akaimba. Waliposikiliza, feni zilikuwa zinavuma kama mashine ya kusaga, na chini yake kitu kama mtu anapumua. Saumu akaisogeza kompyuta hadi mwisho wa waya, akaifunika blanketi. Ikapata joto, na feni zikazidi kunguruma.

"Mama, paza sauti kidogo," Mjomba alisema kutoka mlangoni.

Bibi alimtazama mwanawe. "Hizi hazipazwi, Shekue. Wewe mwenyewe nilikuimbia hivi hivi, ukalala."

Akaimba tena, na tena, mpaka koo likamshinda. Saumu alilia kwa hasira siku ile. Huzuni ilikuja baadaye.

Ijumaa Bibi akapasuliwa. Alipona, alhamdulillahi, ila sauti haikurudi. Mjomba, kwa aibu, akairudisha ile kompyuta dukani akabadilishiwa: feni kubwa, kasha la sponji, kila kitu kama alivyoambiwa tangu mwanzo. Akaiwasha mbele ya kamati nzima, akainamisha sikio.

"Haisikiki kabisa," akasema. "Hii sasa nzuri."

Bibi alikuwa amekaa hapo, kitukuu wake mchanga amelala mapajani. Akamwinamia sikioni, midomo ikacheza, pasitoke kitu. Mtoto akaanza kulia.

"Nzuri ya kurekodi nini, Mjomba?" Saumu aliuliza.

Ndipo Saumu akampa hayo maneno mliyoyacheka leo asubuhi: cha sikio hakichaguliwi na jicho.